Lenzi ya zamani itumie, flashi ya zamani ipime kwanza



Katika nyumba nyingi za hapa Vuhovi, na huko Kyondo na Butembo, kuna sanduku ambalo halifunguliwi mpaka siku ya kuhama au siku ya kugawana mali ya marehemu. Ndani yake mna kamera ya filamu ya baba, au ya mjomba aliyekuwa mpiga picha, lenzi moja au mbili zenye uzito wa chuma, na flashi yenye mlango wa betri uliolegea. Filamu ni shida kupata siku hizi, na kuosha picha kwa dawa ni wachache wanaokumbuka. Basi watu wanaona sanduku lote ni takataka. Watoto wanapewa lenzi wachezee, na flashi inabaki kwenye kabati kwa sababu "bado inawaka".

Ingefaa iwe kinyume. Lenzi ndiyo ya kutunzwa, maana inaweza kufanya kazi leo kwenye kamera ya kidijitali na kuleta pesa nyumbani. Flashi ndiyo ya kuogopwa kidogo, kwa sababu baadhi yake zinaweza kuua kamera mpya kwa picha moja tu.

Tunaliandika jambo hili sasa kwa sababu mabinti zetu kadhaa wameanza kuomba mkopo wa AVEC ili wanunue kamera. Wananunua ya mkono wa pili, iliyotoka Kampala au iliyoletwa na wafanyabiashara wetu wanaosafiri Dubai. Kazi ipo: harusi, komunio ya kwanza, picha ndogo za dosye za wanafunzi, mavuno ya diplome, na kilio pia, kwa kuwa familia inataka picha ya kuweka mbele ya jeneza. Lakini kamera iliyonunuliwa kwa mkopo ikiharibika kabla deni halijaisha, deni linabaki palepale, na kikundi hakiwezi kugawana vizuri mwisho wa mwaka. Mama anayempa binti yake flashi ya marehemu mumewe anampa kwa upendo. Kabla ya kumpa, asome kwanza yafuatayo.

Tuanze na lenzi. Kamera za bei ndogo huja na lenzi ya kuvuta na kurudisha ambayo, ukiivuta, tundu lake la kupitisha mwangaza linabaki f/5.6. Mchana nje haina shida. Ndani ya kanisa siku ya mvua, au ndani ya nyumba yenye dirisha moja, picha inatoka nyeusi au imetikisika. Lenzi nyingi za zamani za milimita 50 zina tundu la f/2, nyingine f/1.8 au hata f/1.4. Kutoka f/5.6 hadi f/2 mwangaza unaoingia unaongezeka mara 8. Hiyo ni tofauti ya kupata uso wa bibi arusi au kupata kivuli chake. Lenzi mpya yenye tundu kubwa ni gharama. Ile ya sandukuni imeshalipwa zamani.

Halafu kuna zawadi nyingine ambayo wengi hawaitegemei. Kamera nyingi za kidijitali za bei ya kati zina sensa ndogo kuliko kipande cha filamu, kwa hiyo zinaona sehemu ya katikati tu ya picha. Lenzi ya milimita 50 inakuwa kama ya 75 kwenye Nikon au Sony ya aina hiyo, na kama ya 80 kwenye Canon. Wapiga picha wa zamani walitafuta lenzi za urefu huo kwa ajili ya sura za watu, kwa sababu hazifanyi pua kuwa kubwa. Ubaya wake ni kwamba kwenye chumba kidogo familia ya watu kumi na wawili haitaenea hata ukiegemea ukuta. Kwa picha ya ukoo tumia ile lenzi mpya, au watoe wote uani.

Je, lenzi itakaa kwenye kamera? Hapa ndipo wengi wanapoteza pesa kwa kununua pete isiyofaa. Kila aina ya kamera ina umbali wake maalum kutoka mdomo, pale lenzi inapokaa, hadi kwenye filamu au sensa. Canon EOS ina milimita 44. Lenzi za kufungwa kwa kuzungusha kama skrubu, zile zinazoitwa M42, zilitengenezwa kwa milimita 45.46. Nikon ni 46.5. Lenzi yenye umbali mrefu inaweza kwenda kwenye kamera yenye umbali mfupi, kwa sababu pete inajaza nafasi iliyobaki. Kinyume chake hakiwezekani, isipokuwa kwa pete yenye kioo ndani, na kioo hicho cha bei rahisi mara nyingi kinaharibu picha. Ndiyo maana lenzi ya M42, ya Nikon au ya Pentax inakaa vizuri kwenye Canon EOS kwa pete ya dola chache. Lenzi ya M42 kwenye Nikon itaona karibu tu, na mlima wa mbali hautakuwa safi kamwe.

Wenye lenzi za Canon za zamani sana, zile za FD, wana bahati mbaya. Canon iliacha mdomo huo mwaka 1987 ilipoanza EOS, na lenzi ya FD, ya milimita 42, haikai vizuri kwenye EOS ya jina hilohilo la Canon. Nikon walifanya vingine: mdomo wao ulianza mwaka 1959 na ukaendelea hadi kamera za kidijitali. Ila kuna sharti: lenzi zilizotengenezwa kabla ya 1977, zisizobadilishwa na fundi, zinaweza kugusa na kuvunja kijiti kidogo kwenye mdomo wa kamera fulani za Nikon, kama D7000. Usilazimishe. Lenzi za Pentax, kama ile iliyokuja na K1000 ambayo ilitengenezwa toka 1976 hadi 1997, zinaingia moja kwa moja kwenye Pentax za kidijitali zenye kioo. Kamera mpya zisizo na kioo ndani, kama Sony za mdomo wa E wenye milimita 18, zinapokea karibu kila kitu.

Kabla hata ya kutafuta pete, chukua lenzi, fungua tundu lote, uiangalie ukielekea dirishani, siyo jua. Huku kwetu milimani ukungu wa asubuhi na mvua havikosi, na lenzi iliyofungiwa kwenye mfuko wa ngozi gizani inaota kuvu. Utaiona kama utando wa buibui au matawi madogo ndani ya kioo. Kuvu kidogo pembeni hakuzuii kazi; kuvu kulikojaa katikati kunafanya picha yote iwe na maziwa. Jaribu pia kuzungusha pete ya tundu uone kama vile vibati vya ndani vinafunga na kufungua haraka. Vikiwa na mafuta vinanata. Lenzi nzuri itoe kwenye ngozi, iweke mahali pakavu penye hewa. Ukitaka kuikausha kwa jua la asubuhi, usiiache juu ya kitambaa au karatasi, maana kioo hicho hukusanya jua na kinaweza kuwasha moto.

Ikishakaa kwenye kamera, usishangae kamera ikikataa kupiga. Haijui kwamba kuna lenzi. Kwenye Canon zisizo na kioo ndani na Sony mnatafuta kwenye menyu ile ruhusa ya kupiga bila lenzi. Kisha weka kwenye M, ambapo wewe mwenyewe unachagua kila kitu. Nikon ndogo, za namba kama D3200 au D5300, hazitakupimia mwangaza kwa lenzi hiyo. Piga, angalia, rekebisha. Nje kuna kanuni ya wazee ambayo haijazeeka: jua likiwa kali, weka f/16, na kasi iwe karibu sawa na ISO. ISO 100, basi 1/125. Mawingu yakija, fungua hadi f/8.

Kulenga ni kwa mkono. Tumia skrini ya nyuma, kuza picha mara tano au kumi, zungusha hadi nywele za jicho zionekane. Kwa mtu aliyekaa ni rahisi. Kwa watu wanaocheza ngoma ya harusi, sema ukweli, utakosa nyingi, na mimi ningetumia lenzi mpya. Lakini maarusi wanapoingia kanisani kuna ujanja: chagua mahali watakapopita, labda benchi la tatu, lenga pale, weka f/8, na usiguse tena. Lenzi ya 50 iliyolengwa mita 3 kwa f/8, kwenye sensa ndogo, itaweka safi kila kitu kuanzia karibu mita 2.5 hadi 3.7. Wakifika hapo, bonyeza. Alama zilizochongwa kwenye lenzi zinazoonyesha umbali huo zilipigiwa hesabu ya filamu. Kwenye sensa ndogo ziamini kwa ukali zaidi, ukipiga f/8 soma zile za f/5.6.

Nani aliyesema kazi hii haiwezekani bila mashine ya kulenga? Jean Depara alinunua kamera ndogo ya Adox kwa ajili ya harusi yake mwenyewe mwaka 1950, na baadaye akawa mpiga picha wa Franco na wa maisha ya usiku ya Kinshasa. Usiku ule, kwenye baa zenye giza, aliupiga kwa flashi na kwa mkono.

Na sasa flashi.

Ndani ya flashi kuna kifaa kinachohifadhi umeme hadi kufikia takribani volti 300, halafu kinautoa wote mara moja. Ndiyo ile sauti nyembamba unayosikia ikijaa. Kwenye flashi nyingi za zamani, sehemu ya umeme huo mkubwa inafika hadi kwenye miguu ya flashi, pale inapogusana na kamera. Kamera ya zamani haikujali, kwa sababu ndani yake vipande viwili vya chuma viligusana tu. Kamera ya kidijitali inatumia swichi ya elektroniki, ndogo na dhaifu. Kwa baadhi ya kamera zake za EOS, Canon ilionya zisipewe zaidi ya volti 6. Nikon inataja volti 250 kwa kamera zake nyingi za kidijitali. Tofauti hiyo ni kubwa, na haiandikwi juu ya kamera.

Tena jina la flashi haliwezi kukuambia. Vivitar 283 ni mfano unaojulikana na mafundi kila mahali: za mwanzo zimepimwa zikitoa zaidi ya volti 200, na za baadaye, zenye jina na umbo lilelile, zinatoa chini ya 10. Ukiziweka mezani huwezi kuzitofautisha kwa macho.

Kwa hiyo tulichukua flashi tatu kutoka kwa wanachama, tukazipeleka kwa fundi wa redio sokoni. Kila fundi wa redio ana kile kifaa cha kupimia volti, na kazi yenyewe haifiki dakika tano. Ya kwanza ilisoma volti 8. Ya pili ilipanda hadi 190 na mwenye nayo akashika kichwa, kwa sababu alikuwa ameshaiahidi kwa mwanawe. Ya tatu haikuwaka kabisa. Betri zilikuwa zimevujia ndani na kuacha unga mweupe wenye kijani.

Fundi alifanya hivi. Aliweka betri mpya, akawasha, akangoja taa ndogo iwake, akaiacha ijae dakika kadhaa. Flashi iliyolala miaka inatakiwa kuamshwa polepole. Ilipigwa mara tano sita kwa kitufe chake cha kujaribia kabla ya kupimwa. Kisha aliweka kifaa kwenye volti za juu za umeme wa betri, waya mwekundu kwenye kijiti cha katikati cha mguu wa flashi, mweusi kwenye chuma cha ubavuni. Akasoma. Kifaa kikisoma chini ya sifuri, yaani umeme umegeuka, flashi hiyo nayo isiwekwe kwenye kamera. Hakuifungua flashi hata moja, na ninyi msiifungue. Ule umeme wa ndani unabaki hata betri zikitolewa, na unaweza kumuua mtu. Waambieni hivyo hasa vijana wa kiume wanaopenda kufungua kila kitu kwa bisibisi.

Ile ya volti 8 tungeiweka kwenye Nikon bila wasiwasi, na tusingeiweka kwenye Canon ya zamani ambayo kikomo chake ni 6. Kama hujui kikomo cha kamera yako, chukua 6 kuwa ndiyo sheria. Ile ya volti 190 haikutupwa. Flashi kama hiyo inafanya kazi ikiwa mbali na kamera, juu ya kijiti au ikishikwa na msaidizi, ikiwa imeunganishwa na jicho dogo linaloona mwanga wa flashi nyingine na kuifyatua. Flashi ndogo ya kamera inawaka, jicho linaona, flashi kubwa inafuata, na hakuna waya wowote unaoigusa kamera. Kuna jambo moja la kuangalia: flashi ndogo za kamera za kidijitali hutoa mmweko wa kupima kabla ya picha yenyewe, na jicho linadanganyika, kubwa linawaka mapema na picha inatoka giza. Kama kamera inaruhusu, weka flashi ndogo kwenye M ili mmweko huo usitoke. Vile vifaa vya redio vya kufyatulia vipo pia, lakini navyo vina kikomo cha volti. Uliza kabla ya kulipa.

Hesabu ya flashi ya mkono ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kila flashi ina namba yake ya nguvu. Gawanya namba hiyo kwa mita zilizopo kati ya flashi na mtu, na jibu ndilo tundu. Namba ikiwa 36 kwa ISO 100, mtu akiwa mita 4.5, unapata f/8. Akiwa mita 9, f/4. Ukipandisha ISO hadi 400 namba inakuwa mara mbili, 72, na huyo wa mita 9 anapata f/8. Mgongoni mwa flashi nyingi kuna kibao kilichofanya hesabu hii tayari. Kasi ya kamera iweke 1/125. Ukizidisha 1/200 kamera nyingi zitakata nusu ya picha iwe nyeusi.

Na usiipige usoni moja kwa moja kama unaweza. Wapiga picha huelekeza flashi kwenye dari nyeupe ili mwangaza ushuke kwa upole. Nyumba zetu nyingi hazina dari nyeupe, zina mabati na mbao, au ukuta wa kijani ambao utamfanya bibi arusi awe wa kijani naye. Shuka nyeupe iliyotandazwa na wasichana wawili inafanya kazi hiyo vizuri, wala haikodishwi.

Kuna kazi moja ya lenzi ya zamani ambayo mimi naiona kubwa kuliko harusi. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuzunguka Beni, familia nyingi zimekimbia na kukimbia tena. Mtu anatoka na mtoto mgongoni na godoro kichwani. Albamu inabaki. Kuna wamama kati yetu wasio na picha hata moja ya wazazi wao, na kuna wengine wenye moja tu, iliyokunjwa mara nne ndani ya kitambaa. Picha hiyo moja inaweza kunakiliwa leo, na lenzi ya 50 ya mkono ndiyo chombo chake, kwa sababu haipindishi mistari.

Inahitaji pete tupu za kuirefusha, zisizo na kioo, zinazowekwa kati ya lenzi na kamera ili ione karibu sana. Kwa picha ya karatasi iliyo ndogo kama kadi, pete fupi inatosha. Kwa filamu yenyewe, vile vipande vya kahawia vilivyobaki kwenye bahasha za studio, urefu wa karibu milimita 33 kwenye kamera ya sensa ndogo unajaza picha nzima. Weka filamu juu ya kioo cheupe kinachowashwa kwa nyuma, au mbele ya skrini ya simu iliyo nyeupe, ukiinua filamu kidogo juu yake ili vidoa vya skrini visionekane. Kamera iwe imefungwa kwenye kijiti, f/8, na ufyatue kwa saa ya kujipigia yenyewe ili mkono usitikise. Picha ya karatasi ipigwe karibu na dirisha, au kwa taa mbili, moja kila upande kwa kuinama, karatasi ising'ae. Kuigeuza filamu kuwa picha ya kawaida kwenye kompyuta ni kugeuza rangi kinyume, na vijana wa sekretarieti wanajua.

Wenye studio waliofunga wana filamu za watu wa mitaa mizima kwenye makaratasi na makopo. Mjane akiitupa bahasha kwa sababu inaliwa na panya, anatupa sura za majirani zake. Kama unayo, usiipanguse kwa kitambaa chenye maji, usiikate, iweke pakavu, na utujulishe. Kamera ya chama, lenzi moja ya mkono na pete zake zitakuwepo baada ya kikao cha AVEC. Leteni picha zenu na majina ya watu waliomo, yaandikwe kwa penseli nyuma ya karatasi, maana bic inapenya na kutokea usoni.